Kuzipata na kuzisikiliza santuri za Moondog ukiwa Tabora: mwongozo kamili

Faili halikuwa na jina, lilikuwa na namba tu: 06. Lilikuwa katikati ya nyimbo mia mbili na ushei za saksafoni ambazo kijana wetu wa kuweka nyimbo kwenye flashi alinijazia kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu. Nilitaka muziki mpole wa kupigwa watu wakila. Jioni ile nilikuwa nyumbani, Ng'ambo, nikichuja zinazofaa, ndipo 06 ikaingia. Besi ilikuwa inazunguka duara lilelile bila kuchoka. Juu yake saksafoni zinaitana na kupokezana, na chini kabisa kuna mtu anapiga ngoma ambayo si dramu za bendi. Kabla dakika tatu hazijatimia, ikaisha.

Nimefundisha kwaya miaka kumi na minane, na utoto wangu wote nilikuwa nyuma ya wapiga ngoma, lakini nilirudia wimbo ule mara sita nisiweze kusema ni muziki wa namna gani. Jazi? Harufu yake ipo, ila hakuna mpigaji anayejiachia atakavyo. Okestra ya Ulaya? Mpangilio ni wa huko, ila ile ngoma inakataa.

Ilinichukua karibu miezi miwili kumjua mwenyewe, na mwaka mzima kuzisikiliza rekodi zake kwa mpangilio unaoeleweka. Wewe unaweza kufupisha safari hiyo. Nitaeleza njia yote, pamoja na mahali nilipopotea.

Mwenyewe ni nani

Ni Louis Thomas Hardin, aliyezaliwa tarehe 26 Mei 1916 huko Marysville, jimbo la Kansas, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji, na walipokuwa wakiishi Wyoming alimpeleka mtoto kwenye ngoma za Waarapaho, wenyeji wa nchi ile. Huko mtoto alikaa mapajani kwa chifu Yellow Calf na kupiga ngoma iliyowambwa ngozi ya nyati. Maisha yake yote Hardin alisema mapigo yake yalianzia pale. Likumbuke jambo hili, maana ndilo litakalokufungulia mlango.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 16 huko Hurley, Missouri, aliokota kilipuzi asichokijua. Kikamlipukia usoni, akapoteza macho yote mawili. Baadaye alisoma katika shule ya wasioona ya Iowa, akajifunza kusoma na kuandika nota za muziki kwa nukta nundu. Sisi wa Tabora hatuhitaji kuelezwa nukta nundu ni nini. Watoto wanaisoma hapahapa mjini, Shule ya Msingi Furaha. Lakini hebu fikiria kutunga kazi ya ala kumi kwa nukta nundu: kila ala inaandikwa peke yake, mwanzo hadi mwisho, na mtunzi anazibeba zote kichwani kwa pamoja, kwa kuwa hakuna ukurasa ambao vidole vitazigusa zote kwa mara moja.

Alifika New York mwaka 1943. Mwaka 1947 akajiita Moondog, kwa kumkumbuka mbwa aliyekuwa naye Hurley, ambaye alizoea kuulilia mwezi. Kuanzia miaka ile ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akisimama Sixth Avenue, karibu na mitaa ya 52 hadi 55, na ndevu ndefu, joho alilojishonea mwenyewe, mkuki mkononi na kofia yenye pembe. Alipiga ngoma alizozibuni, akauza mashairi yake na karatasi za nota zake. Watu walimpita wakidhani ni mwehu. Kumbe kiongozi wa okestra kuu ya mji ule, Artur Rodzinski, alikuwa amemruhusu kuingia kwenye mazoezi yao ukumbini Carnegie Hall, na huko ndiko alikojifunza okestra kwa masikio. Baadaye watunzi Philip Glass na Steve Reich walikaa naye na kupiga naye wakiwa bado vijana. Kwa muda wa mwaka hivi aliishi nyumbani kwa Glass.

Inatosha. Ukitafuta habari zake utakuta kofia na mkuki kila mahali, na mwisho utakuwa umemjua mzee wa ajabu wa barabarani bila kusikia hata pigo moja la muziki wake. Funga picha, tuingie kazini.

Hatua ya kwanza: vuka mitego ya jina

Mtego wa kwanza uliniumiza kichwa. Niliweka ile 06 kwenye programu ya simu ya kutambua nyimbo, nikapewa jina la Mr. Scruff. Nikamsikiliza Mr. Scruff wiki mbili. Ni kazi nzuri, ila si ile. Ukweli ni kwamba mwaka 1999 Mr. Scruff, msanii wa Uingereza, alichukua kipande cha Moondog akakijengea wimbo wa kucheza uitwao Get a Move On, ukapata umaarufu kuliko ule uliouzaa. Kwa hiyo ukijibiwa jina hilo, jua umefika jirani tu. Mwenye nyumba ni Moondog, na wimbo wenyewe unaitwa Bird's Lament.

Mtego wa pili: jina hili limetumiwa na wengine. Mtangazaji wa redio Alan Freed alilitumia kwenye kipindi chake, na akapiga rekodi za Hardin hewani kama kibwagizo chake. Mwaka 1954 Hardin alimshtaki mahakamani New York, akashinda, na Freed akalazimika kuliacha. Kwenye utafutaji bado wanachanganyika. Andika "Moondog Louis Hardin" pamoja, usiandike jina moja peke yake.

Mtego wa tatu ndio mkubwa kuliko yote: kuna albamu mbili tofauti kabisa zenye jina lilelile, Moondog. Moja ni ya mwaka 1956, ya kampuni ya Prestige. Hiyo ni ngoma, sauti za mitaani na vyura. Nyingine ni ya mwaka 1969, ya Columbia. Hiyo ni okestra. Kabla hujatumia bando, tazama mwaka na jina la kampuni. Ukipata rekodi isiyo na maelezo, nenda kwenye tovuti ya Discogs, ambayo huorodhesha santuri za dunia nzima, ulinganishe majina ya nyimbo zilizomo. Dakika tano za kulinganisha zitakuepusha na wiki ya kuchanganyikiwa.

Hatua ya pili: bando, flashi na spika

Hapa ni haraka. Nyingi ya rekodi hizi zipo YouTube na Spotify. Sauti tupu ya kiwango cha kbps 128 hula karibu MB 1 kwa kila dakika, hivyo albamu ya nusu saa ni kama MB 30. Kuitazama kama video kunakula mara nyingi ya hapo, na picha yenyewe ni jalada lililosimama tu. Ukiwa na akaunti ya kulipia, pakua usiku mahali penye waifai, kisha sikiliza bila mtandao.

Kuhusu spika nina neno. Sabufa zetu tunazifungua besi hadi vioo vya madirisha vinatetemeka. Kwa rekodi za miaka ya 1950 hiyo ni kuziua. Ngoma za Moondog ni kavu na ndogo, sauti yake iko juu ya besi, na ukizidisha besi utasikia mngurumo badala ya vidole. Rudisha kitufe cha besi katikati au chini kidogo. Kama una spika za masikioni, hata zile za bei ndogo za sokoni, anza na hizo.

Hatua ya tatu: anza na ngoma za 1956

Wengi wanaomjua Moondog watakwambia uanze na okestra ya 1969. Kwa msikilizaji wa New York au London huenda ni sawa. Kwa mtu wa hapa nasema hapana. Sisi tumezaliwa ndani ya ngoma, na mtu huyu ni mpiga ngoma kwanza. Ukianza na okestra utamsikia kama mzungu mwingine wa vinanda. Ukianza na ngoma, ukifika kwenye okestra utaisikia ngoma iliyojificha ndani yake.

Kuna albamu tatu za Prestige: Moondog na More Moondog, zote za 1956, na The Story of Moondog ya 1957. Kwenye jalada la hii ya mwisho, ambalo mchoraji Andy Warhol alilibuni, mwandiko ni wa mama yake Warhol, Julia Warhola. Sikiliza ya kwanza mfululizo, usirukeruke. Utakutana na vyura wanaoitikia ngoma katika Frog Bog, na mtu aliyewahi kulala Tabora masika anajua kwamba vyura wana mpangilio wao. Utamsikia mkewe Suzuko akimwimbia mtoto mchanga. Utasikia magari, mawimbi, mtu akicheza kwa viatu vya kugonga sakafu. Alirekodi pia kwa kujirudia: anapiga ngoma moja, kisha anapiga nyingine juu ya ile aliyokwisha kuirekodi, mpaka mtu mmoja anakuwa kikundi.

Hapo lazima umkumbuke Mzee Morris Nyunyusa. Kila mtu wa rika langu alikua akisikia ngoma zake zikitangulia taarifa ya habari Radio Tanzania, na wengi hawakujua kwamba ngoma zote zile zinapigwa na mtu mmoja, tena asiyeona. Sisemi kwamba wawili hawa walijuana au kuigana. Nasema kwamba sikio lililolelewa na Mzee Morris lina maandalizi ambayo wasikilizaji wengi wa Moondog hawana. Litumie.

Ngoma kuu ya Moondog aliiita trimba. Ni jozi ya ngoma za mbao zenye umbo la pembetatu, moja kubwa na moja ndogo, na toazi pembeni. Aliipiga kwa manyanga mkono mmoja na kijiti mkono mwingine, kwa hiyo kila pigo lina mcheko wa mbegu ndani yake. Nilipogundua hilo nilisimama. Manyanga, jamani, katika barabara ya New York! Ala nyingine aliyoibuni aliiita oo, ya nyuzi, nayo ni ya pembetatu pia.

Sasa zoezi lenyewe, na hili ndilo moyo wa mwongozo huu. Muziki mwingi wa bendi tunaosikia una mapigo manne kwa kipimo. Moondog alipenda matano na saba. Mwendo huo aliufananisha na wa nyoka, unaoteleza, hauji pale unapoutegemea. (Wanaowajua Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka wa Unyamwezini na Usukumani, watatabasamu.) Ukijaribu kuitikia kwa mapigo manne utapotea kila baada ya sekunde tatu na utadhani mpigaji ndiye aliyekosea.

Fanya hivi. Kwa mapigo matano, sema kwa sauti: Ta-bo-ra kwe-tu. Silabi moja kwa kila pigo. Piga makofi kwenye "Ta" na kwenye "kwe" tu. Utapata tatu na mbili, tatu na mbili. Rudia mpaka mdomo uache kufikiri. Kisha kwa mapigo saba, sema: Ta-bo-ra na Ki-go-ma. Makofi kwenye "Ta" na kwenye "na". Hapo una tatu na nne. Mpangilio wa ndani ya wimbo unaweza kugeuka, mbili ikatangulia tatu, lakini hesabu ya jumla itakushika mkono.

Halafu ingia kwenye albamu. Uzuri ni kwamba baadhi ya vichwa vya nyimbo vinakutajia hesabu. Katika More Moondog kuna Seven Beat Suite, yaani ya mapigo saba, na Hardshoe yenye 7/4 kwenye jina lake. Hizo ni za Tabora na Kigoma. Katika The Story of Moondog kuna 5/8 in Two Shades. Hiyo ni ya Tabora kwetu. Wanakwaya wangu walishindwa siku tatu. Siku ya nne binti mmoja wa sauti ya pili akaanza kutikisa bega badala ya kuhesabu, na wenzake wakamfuata, wakaipata. Mwili huipata kabla ya kichwa. Ukishindwa kwa makofi, simama ucheze.

Kuna kipande kimoja kwenye More Moondog ambacho nilikielewa nikiwa Kigoma, si Tabora. Ni mapatano ya honi ya meli kubwa Queen Elizabeth na filimbi ya mwanzi. Nyumbani kiliniwia mzaha. Kisha nikaenda msibani Kigoma, mwisho wa reli, na alfajiri nikiwa juu ya mteremko wa bandari meli ikapiga honi. Sauti ile haikuisha kwa mkupuo: ilivuka maji, ikagonga milima, ikarudi nyembamba. Hapo nikatambua kwamba honi ni nota, na mtu asiyeona, aliyesimama karibu na bandari, lazima aliisikia kama nota miaka yote. Kama una ndugu Kigoma, kisikilizie huko, ukingoni mwa ziwa.

Kaa na albamu hizi tatu angalau wiki mbili.

Hatua ya nne: okestra ya 1969

Sasa uko tayari kwa ile ya Columbia. James William Guercio, prodyuza, alimpa Moondog okestra na studio nzuri, na mtu aliyekuwa akipiga peke yake barabarani akasikia sauti alizokuwa amezibeba kichwani kwa miaka mingi. Katikati ya vipande anatamka mashairi mafupi ya mistari miwili kwa sauti yake mwenyewe. Usiyaruke.

Bird's Lament ndiyo 06 yangu. Ni maombolezo ya Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyeitwa Bird, yaani Ndege, aliyefariki mwaka 1955. Sikiliza mara ya kwanza ukifuata besi tu: kifungu kifupi kinachorudi na kurudi, hakibadiliki hadi mwisho. Mara ya pili fuata saksafoni ya juu peke yake. Mara ya tatu fuata ya chini. Mara ya nne acha zote ziingie. Ni maombolezo, lakini yanatembea. Nasi ni watu tunaosindikiza maiti kwa ngoma, hilo halitushangazi.

Kisha sikiliza vipande vile vinavyoitwa Symphonique. Jina linatisha kama unafikiri simfoni ni saa nzima ya kukaa kimya. Hivi ni vya dakika chache. Kila ukikuta ala zimejaa na umepotea, rudi kwenye ngoma iliyo chini, hesabu, na utajikuta upo nyumbani.

Hatua ya tano: kanoni za 1971, na namna ya kuziimba

Moondog 2 ya mwaka 1971 ndiyo niipendayo kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa hapa ndipo unaacha kuwa msikilizaji tu.

Ni nyimbo fupi nyingi, zaidi ya ishirini, nyingine hazifiki dakika mbili. Anaimba yeye na binti yake June. Karibu zote ni kanoni. Kwa asiyejua: kanoni ni wimbo mmoja unaoimbwa na makundi kwa kufuatana. Kundi la kwanza linaanza, likifika mahali fulani la pili linaanzia mwanzo wimbo uleule, halafu la tatu. Hakuna sauti maalumu ya kwanza wala ya nne iliyoandikwa. Ni wimbo mmoja unaojipatanisha wenyewe. Kuutunga ni kazi ngumu sana, kwa sababu kila kipande cha wimbo lazima kipatane na vipande vingine vyote vitakavyoangukia juu yake. Moondog alikuwa mkali katika hilo. Alishika kanuni za watunzi wa Ulaya wa karne zilizopita kuliko watunzi wengi wa wakati wake waliovaa suti.

Chagua All Is Loneliness. Ndiyo nyepesi kushika, na iko pia kwenye More Moondog, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Mwimbaji Janis Joplin na kundi lake waliiimba kwenye albamu yao ya mwaka 1967, na watu wengi waliijua kupitia kwao. Lakini wewe anza na ya mwenyewe, yenye mapigo matano.

Hatua kwa kwaya, au hata kwa watu watatu nyumbani: Msikilize rekodi mara tatu bila kuimba. Kisha wote muimbe wimbo mzima kwa pamoja, kwa "la" tu, bila maneno, mkipiga makofi ya Ta-bo-ra kwe-tu. Msigawanyike mpaka mtu yeyote mkimwamsha usingizini aweze kuuimba peke yake. Walimu wengi wa kwaya tunakosea hapa; tunagawa makundi mapema, na kundi la pili linaishia kulifuata la kwanza kama kondoo. Mkishaiva, rudini kwenye rekodi, sikilizeni ni kwenye pigo lipi sauti ya pili inaingia, na mwalimu aweke alama hapo. Kundi la kwanza likae upande mmoja wa chumba, la pili upande wa pili, migongo ikitazamana. Hiyo inasaidia kuliko maelezo yote, kwa sababu hawaonani midomo. Ongezeni kundi la tatu siku nyingine, si siku hiyohiyo.

Mimi ninasimama pembeni na ngoma, sisimami mbele na fimbo. Moondog mwenyewe mwaka 1989, aliporudi New York kuongoza kazi zake kwenye tamasha Brooklyn, alikaa pembeni ya okestra akapiga ngoma, akawaachia wanamuziki wabebe kila mmoja jukumu lake. Nilijaribu, na kwaya yangu imeimba kwa kusikilizana zaidi tangu siku hiyo.

Neno la tahadhari kwa walimu: kujifunza na kufanyia mazoezi ni jambo moja, kurekodi na kuuza ni jingine. Kazi hizi zina wenyewe. Mkitaka kurekodi, tafuteni ruhusa kwanza.

Hatua ya sita: miaka ya Ujerumani

Mwaka 1974 alialikwa Ujerumani kwa onyesho, akabaki. New York wengi walidhani amekufa. Huko familia ilimpokea, na Ilona Goebel, ambaye baadaye aliitwa Ilona Sommer, akageuza nukta nundu zake kuwa nota za kawaida, akasimamia kazi zake hadi mwisho. Bila mama huyo sehemu kubwa ya muziki huu ingebaki nukta kwenye karatasi. Moondog alifariki Münster tarehe 8 Septemba 1999.

Rekodi za kipindi hiki ni nyingi na hazilingani kwa uzuri. Chukua H'art Songs ya 1978 kama unapenda kuimba, na A New Sound of an Old Instrument ya 1979 kama kanisani kwenu kuna kinanda na umewahi kutamani kusikia ngoma ikikaa nacho bila kugombana. Ukipenda saksafoni, usikose Sax Pax for a Sax, ya miaka ya 1990 na kundi la London Saxophonic, yenye Bird's Lament mpya. Nyingine zitakuja zenyewe.

Kama unataka santuri yenyewe mkononi

Elewa gharama kabla hujaanza. Santuri za awali za miaka ya 1950 ni za wakusanyaji na bei zake si za kawaida. Tafuta matoleo yaliyorudiwa. Mkusanyiko uitwao The Viking of Sixth Avenue, uliotolewa na Honest Jon's ya London, unakupa vipande vya vipindi mbalimbali kwa mara moja, na CD yake ni nyepesi kutuma kuliko santuri. Kuna pia kitabu cha maisha yake cha Robert Scotto cha mwaka 2007, chenye dibaji ya Philip Glass, kwa anayesoma Kiingereza. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji nauli ya kutuma hadi sanduku lako la posta, kisha uweke akiba ya ushuru; mimi santuri yangu moja ilinigharimu nauli kuliko bei yake.

Gramafoni za wazee bado zipo mjini hapa. Mji uliotoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz hauwezi kukosa gramafoni chini ya uvungu. Ila tazama kasi na sindano. Santuri za zamani za mizunguko 78 zina mfereji mpana na zinataka sindano yake. Ukiweka sindano hiyo kwenye santuri ndefu ya mizunguko 33 utaichimba. Badilisha sindano kwanza. Na joto la Tabora la mwezi wa kumi chini ya bati ni adui: santuri iliyolazwa juu ya kabati hupinda kama chapati. Isimamishe wima, ndani ya boksi, kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana.

Mwisho, majina

Ukishapata mafaili, yape majina kamili kabla hujamgawia mtu: Moondog, jina la wimbo, jina la albamu, mwaka. Usiache namba tupu. Simu nyingi zinaruhusu kubadili jina la faili kwa kulibonyeza kwa muda, na kompyuta yoyote inafanya hivyo kwa haraka zaidi.

Mimi nilirudi kwa yule kijana wa flashi na mafaili yangu yakiwa safi, nikamwomba ayaweke kwenye kompyuta yake ili mwingine akiyataka ayapate. Akafungua orodha ya mafolda yake: bongofleva, kwaya, taarabu, zilipendwa, jazi, ala tupu. Akaniuliza, "Mwalimu, hizi niziweke wapi?" Nikamsikilizisha Frog Bog, kisha kanoni moja, kisha 06. Akasikiliza zote tatu, amekunja uso, kidole kikigonga meza mapigo matano bila yeye kujua. Kisha akafungua folda mpya, akaandika Moondog, akaiweka juu kabisa.